SPIKA ALIYEMNYIMA MFALME JIBU
Maisha ya William Lenthall (1591–1662)

Katika historia ya mabunge yanayofuata mtindo wa Uingereza, na letu likiwa mojawapo, hakuna Spika anayetajwa mara nyingi kama William Lenthall. Anatajwa kwa sababu ya maneno machache aliyoyasema akiwa amepiga magoti, mchana wa tarehe 4 Januari, 1642. Wengi wanaomtaja huishia hapo. Husahau kwamba alikuwa ameishi nusu karne kabla ya siku ile, na kwamba aliishi miaka ishirini zaidi baada yake. Katika miaka hiyo ishirini alifanya mambo ya sifa na mambo ya aibu. Makala haya yanakusudia kuyaeleza yote, kwa kuwa kijana anayesimuliwa ushujaa mtupu huwa amedanganywa nusu.

Utoto na masomo

Lenthall alizaliwa mwezi Juni, 1591, katika mji wa Henley ulioko kando ya mto Thames, jimbo la Oxford. Alisoma katika shule ya Lord Williams, mjini Thame. Sisi tuliounganishwa na shule moja tutapenda kujua kwamba shule hiyo ndiyo iliyomsomesha pia John Hampden, ambaye jina lake litarudi hapa chini. Umri wao ulipishana kwa miaka michache tu. Hakuna mwalimu wa shule ile aliyeweza kubashiri kwamba siku moja uhai wa mmoja wao ungening'inia kwenye ulimi wa mwingine.

Mwaka 1607 Lenthall aliingia Chuo Kikuu cha Oxford. Aliondoka bila kuchukua shahada, akaenda London kusomea sheria katika Lincoln's Inn, mojawapo ya nyumba nne za mawakili, na mwaka 1616 akawa wakili kamili. Kazi ilimwendea vizuri. Alipata kesi nyingi, akapata mali, hata akanunua jumba kubwa la Burford pamoja na mashamba yake. Mwaka 1624 aliingia Bungeni kwa mara ya kwanza akiwakilisha mji wa Woodstock. Hakuvuma. Alikuwa mtu wa makaratasi na ada, mpole, na kwa maneno ya waliomjua, mwenye woga.

Kiti chenyewe

Kabla ya kuendelea, inafaa tueleze kiti alichokuja kukikalia. Neno Spika maana yake ni msemaji, na wanafunzi wengi huuliza kwa nini aitwe msemaji ilhali yeye ndiye asiyechangia hoja. Sababu yake ni ya kale. Kazi ya kwanza ya Spika ilikuwa kwenda mbele ya mfalme kumweleza yaliyoamuliwa na Baraza la Makabwela: kodi waliyoikubali, na manung'uniko ya watu waliowatuma. (Tusilichukue jina hilo la makabwela kama lilivyo. Wengi wao walikuwa wenye mashamba, mawakili na wafanyabiashara wakubwa; walikuwa makabwela mbele ya malodi tu.) Mtu wa kwanza kuandikwa kwa cheo hicho alikuwa Sir Thomas Hungerford, mwaka 1377.

Kumpelekea mfalme habari asiyoipenda ni kazi ya hatari. Wahenga wetu walisema mdomo uliponza kichwa, na huko Uingereza methali hiyo ilikuwa kweli tupu. Bunge lao linahesabu Maspika saba waliokatwa vichwa kati ya mwaka 1394 na 1535, ingawa si wote waliouawa kwa ajili ya kazi ya Uspika. Hii ndiyo asili ya desturi inayofuatwa huko hadi leo, ya Spika mpya kuvutwa na wenzake mpaka kitini huku akijifanya hataki.

Baadaye wafalme waligundua dawa nyingine: kuhakikisha kwamba Spika ni mtu wao. Jina lilitoka kwa mfalme, wabunge wakalipitisha. Hivyo Spika akawa na mabwana wawili, na mtumishi wa mabwana wawili hakosi kuadhirika. Tarehe 2 Machi, 1629, Mfalme Charles wa Kwanza alimwagiza Spika John Finch aahirishe kikao. Wabunge hawakutaka. Finch alipojaribu kuinuka, Denzil Holles na mwenzake wakamkamata na kumshikilia kitini mpaka maazimio yao yalipopitishwa. Finch alilia machozi, akisema ana amri ya mfalme. Baada ya hapo Mfalme alilivunja Bunge na kutawala miaka 11 bila kuliita tena.

Kuchaguliwa kwake

Miaka hiyo 11 Mfalme alijitafutia fedha kwa njia alizozibuni mwenyewe. Mojawapo ilikuwa kodi ya meli, iliyotozwa zamani wakati wa vita katika miji ya pwani, na ambayo yeye aliieneza nchi nzima. John Hampden, yule wa shule ya Thame, alikataa kulipa shilingi 20 alizodaiwa, si kwa kuzikosa, bali kwa kuwa Bunge halikuziidhinisha. Mahakama ilimshinda, lakini jina lake likavuma nchi nzima.

Kisha Waskoti wakaasi, kwa sababu Mfalme alijaribu kuwalazimisha kusali kwa kitabu wasichokitaka. Vita vinahitaji fedha, na fedha ya kutosha haikupatikana bila Bunge. Mfalme akaliita mwezi Aprili, 1640, akalivunja baada ya majuma matatu, kisha akalazimika kuliita tena mwezi Novemba. Alikuwa amekusudia Spika awe Sir Thomas Gardiner, mtu wake, lakini Gardiner alishindwa hata kuchaguliwa kuwa mbunge. Ikabidi atafutwe mwingine kwa haraka, na aliyeonekana ni Lenthall. Alishika kiti tarehe 3 Novemba, 1640.

Hakuna aliyemtazamia makubwa. Clarendon, aliyekuwa mbunge katika Bunge hilo na baadaye akaandika historia ya nyakati zile, alimwona kuwa mtu mwoga asiyelingana na kazi aliyopewa. Vikao vilikuwa virefu, hoja kali, na gharama za cheo zilitoka mfukoni mwa Spika mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1641 Lenthall aliandika akiomba aachiliwe kwa kuwa kazi hiyo inamfilisi. Ombi halikukubaliwa. Laiti lingekubaliwa, pengine leo hakuna ambaye angelijua jina lake.

Tarehe 4 Januari, 1642

Kufikia wakati huo Mfalme na Bunge walikuwa hawaaminiani hata kidogo. Tarehe 3 Januari Mwanasheria Mkuu wa Mfalme aliwashtaki kwa uhaini lodi mmoja na wabunge watano: John Pym, John Hampden, Denzil Holles, Arthur Haselrig na William Strode. Bunge lilipodaiwa kuwatoa, lilijibu kwamba litalifikiria jambo hilo. Mfalme akaamua kwenda kuwachukua mwenyewe.

Kesho yake alasiri alifika Westminster akifuatana na watu wenye silaha wapatao 400. Wabunge watano walikuwa wamekwisha kupata habari, wakatoroka kwa mashua kuelekea mjini London. Mfalme aliwaacha askari nje, lakini mlango ukashikiliwa wazi ili walio ndani wayaone mapanga na bastola. Aliingia pamoja na mpwa wake. Wabunge wakasimama na kuvua kofia. Mfalme akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti, akamwambia Spika kwamba atakiazima kwa muda.

Aliangaza macho huku na huku. Aliuliza kama Pym yupo, kimya. Aliuliza kama Holles yupo, kimya. Ndipo alipomgeukia Spika na kumtaka aseme kama watu wale wamo ndani, na wako wapi.

Tujiweke mahali pa Lenthall. Mbele yake yuko mfalme wa nchi. Mlangoni kuna watu 400 wenye silaha. Nyuma yake wako wabunge ambao miaka 13 iliyopita walimshikilia Spika mwenzake kwa nguvu, na mmoja wa walioshika ndiye Holles anayetafutwa sasa. Kama angesema hawamo, angekuwa amejibu, na Spika atakayefuata naye angelazimika kujibu. Kama angenyamaza, ingehesabiwa kuwa dharau.

Lenthall alipiga magoti. Kwa heshima yote alimweleza Mfalme kwamba mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema, ila kwa namna Bunge litakavyomwelekeza, maana yeye ni mtumishi wa Bunge hilo. Akaomba radhi kwa kushindwa kutoa jibu jingine lolote.

Mfalme alisema kwamba macho yake mwenyewe yanatosha. Alitazama tena, akakiri kwamba ndege wake wameruka, akatoka huku wabunge wakipaza sauti kudai haki za Bunge.

Hatuna budi kuona ustadi wa jibu lile. Lenthall hakumtukana Mfalme, hakumhubiria, wala hakudai kuwa shujaa. Hakusema kwamba anawaficha watu wala kwamba hajui waliko. Alieleza tu kazi yake ni ipi, na ni nani aliyemtuma. Miaka yote mia mbili na zaidi Spika alikuwa na mabwana wawili. Kwa jibu lile akabaki na mmoja.

Karani na daftari lake

Yuko mtu mwingine aliyekuwamo ukumbini ambaye hukumbukwa kwa nadra, nasi tulio katika utumishi wa umma tuna sababu ya kumheshimu. Ni John Rushworth, karani msaidizi wa Bunge. Wakati kila mtu ametaharuki, yeye aliendelea kuandika kwa hati ya mkato. Mfalme alimwona, na jioni ile akamwita na kumtaka ampe nakala. Rushworth alijaribu kukwepa kwa adabu, akimkumbusha Mfalme kwamba aliwahi kuwapo mbunge aliyetiwa gerezani kwa kumpelekea mfalme maneno yaliyosemwa Bungeni. Mfalme akajibu kwamba hataki maneno ya wabunge, anataka yale aliyoyasema yeye mwenyewe. Nakala ikatolewa, ikapigwa chapa. Baadaye Rushworth aliiweka habari yote ya siku ile katika kitabu chake cha historia. Bila karani aliyeshika kalamu yake, tungebaki na uvumi.

Vita na jamhuri

Mfalme alihama London tarehe 10 Januari. Mwezi Agosti, 1642, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza. Hampden alijeruhiwa vitani mwezi Juni, 1643, akafia mji uleule wa Thame alikosomea. Lenthall alibaki kitini, na mwaka huo wa 1643 akaongezewa cheo cha ujaji cha Mtunza Hati Mkuu, chenye mapato manono. Wengi walimnung'unikia kwamba anajilimbikizia vyeo na mali.

Yaliyofuata yalimfundisha kwamba mfalme si mtu pekee anayeweza kuvamia Bunge. Julai 1647 umati wa watu wa London ulivamia ukumbi na kuwalazimisha wabunge kupiga kura walivyotaka wao. Lenthall alikimbilia kwa jeshi, akarudishwa nalo mwezi Agosti. Desemba 1648 jeshi hilohilo lilisimama mlangoni na kuwazuia wabunge wasiokubaliana nalo. Safari hii Spika hakusema neno la kukumbukwa. Alikaa kitini akaongoza waliobaki. Tarehe 30 Januari, 1649, Mfalme Charles alikatwa kichwa.

Mwaka huo ufalme na Baraza la Malodi vilifutwa, na kwa kuwa hakukuwa na mfalme, Spika ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza nchini kwa itifaki. Mwezi Machi, 1649, Bunge lilipiga kura kuhusu maisha ya malodi kadhaa waliopigana upande wa Mfalme. Kwa mmoja wao, Earl wa Norwich, kura zililingana, ikabaki kura ya Spika. Lenthall aliipiga ya kumwokoa, kwa sababu mtu huyo aliwahi kumtendea wema. Kwa hiyo uhai wa mtu uliokolewa kwa fadhila ya zamani.

Tarehe 20 Aprili, 1653, Oliver Cromwell aliingia na askari kulifukuza Bunge. Lenthall alikataa kushuka kitini mpaka ashushwe kwa mkono, akashushwa. Aliongoza tena Bunge la mwaka 1654 chini ya Cromwell huyohuyo, na mwaka 1659, baada ya Cromwell kufa, alirudishwa kitini na wale wabunge wa zamani. Mwezi Oktoba mwaka huo wanajeshi wakalizuia gari lake njiani. Inasimuliwa kwamba aliwaambia yeye ndiye mkuu wao, nao wakamjibu kwamba hawakumwona akiwatangulia vitani.

Mwisho wake

Mwaka 1660 ufalme ulirudi, na Charles wa Pili akashika utawala. Waliohusika na kifo cha baba yake walianza kutafutwa. Lenthall, akiwa na umri wa miaka 69, aliogopa. Alimpelekea mfalme mpya paundi 3,000 akitumaini kubakia na cheo chake cha Mtunza Hati. Hakukipata. Aliokoka kwa msaada wa Jenerali Monck, lakini akakatazwa kushika kazi yoyote ya umma.

Kisha likaja jambo ambalo wanaomsifu hupenda kulipita. Mwezi Oktoba, 1660, Thomas Scot, aliyekuwa mbunge na mmoja wa waliomhukumu Mfalme, alifikishwa mahakamani. Ushahidi mmojawapo dhidi yake ulikuwa maneno aliyoyasema Bungeni, ya kujivunia kazi ile. Shahidi aliyeitwa kuthibitisha kwamba aliyasema alikuwa William Lenthall. Scot alijitetea kwamba maneno ya Bungeni hayaulizwi nje ya Bunge. Lenthall alitoa ushahidi wake. Scot alihukumiwa, akauawa mwezi huohuo.

Ulimi uliokosa jibu mbele ya mfalme mwenye askari 400 ulipata maneno mbele ya majaji. Haki aliyoilinda mwaka 1642 kwa ajili ya Hampden na wenzake aliiuza mwaka 1660 kwa usalama wake mwenyewe. Huenda alikuwa mwoga siku zote mbili. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza alikuwa na kiti nyuma yake, na wajibu uliokuwa wazi. Mara ya pili alikuwa mzee aliyenyang'anywa vyote, asiye na kitu cha kuegemea isipokuwa nafsi yake, nayo haikutosha.

Alikufa Burford tarehe 3 Septemba, 1662. Kabla ya kufa alitubu kwa kasisi mambo aliyoyatenda na aliyoyaruhusu. Aliagiza azikwe bila mnara, na kama ni lazima kuandika neno, basi liandikwe kwa Kilatini kwamba yeye ni mdudu tu.

Alichotuachia

Alichokilinda kilidumu kuliko yeye. Tangu siku ile hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeingia Baraza la Makabwela likiwa katika kikao. Mjumbe wa mfalme anapokuja kuwaita wabunge, hufungiwa mlango kwanza, naye hubisha hodi. Mwaka 1689 sheria iliandikwa kwamba mazungumzo ya Bungeni yasihojiwe mahakamani wala mahali pengine nje ya Bunge. Katika karne iliyofuata Arthur Onslow, aliyekaa kitini miaka 33 kuanzia 1728, aliijenga desturi ya Spika asiyeegemea upande.

Desturi hizo zilivuka bahari. Mwaka 1962 Chifu Adam Sapi Mkwawa alipokipokea kiti kutoka kwa Abdulkarim Karimjee, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Bunge letu, na jumla ya miaka yake kitini ilizidi ya Lenthall, hata tukihesabu pamoja vipindi vyote vya Lenthall vilivyokatizwa. Kwa Onslow hakumfikia kwa miaka michache tu. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 100, inasema kwamba uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge hautahojiwa na chombo chochote nje yake. Hayo ndiyo aliyoyadai Scot na kunyimwa. Hata siwa inayotangulizwa mbele ya Spika tumeipa jina la baragumu kuu la watawala wa Pate na Lamu, ambalo halikupigwa ila kwa jambo zito. Siwa ikiwa mezani, anayezungumza anazungumza kwa niaba ya waliomtuma.

Vijana mliopo shuleni sasa, baadhi yenu mtaongoza vikao: vya midahalo, vya vyama, vya vijiji, na labda vya taifa. Wengi zaidi mtakuwa makarani, maofisa na wahasibu, na siku moja mkubwa atasimama mbele ya meza yako akiuliza jambo lisilo haki yake kuliuliza. Siku hiyo huhitaji kuwa simba. Unahitaji kujua kazi yako ni ipi na ni nani aliyekutuma, kisha uyaseme hayo kwa heshima. Na ukishayasema mara moja, ujue utaulizwa tena siku nyingine, pengine uzeeni, pengine kiti kikiwa hakipo. Lenthall alifaulu mtihani wa kwanza, akaanguka wa pili. Sisi tunaomsoma tumepewa maswali yote mawili mapema.